Kiwele Kilichopoa

Mkono wa Mama Povu ulirudi wenyewe. Aliuvuta kwa kasi kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa, ila hapa hapakuwa na moto. Kilichomshtua kilikuwa baridi.

Alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe aliyeitwa Bibi Harusi, ambaye alikuwa amezaa juzi tu, ndama jike mwenye afya yake. Jana jioni kiwele kilikuwa kimejaa na kina joto lake la kawaida. Asubuhi hii chuchu ya nyuma, upande wa kulia, ilikuwa baridi kama kitu kilicholala kwenye maji ya mtungi. Akainama zaidi ili mwanga wa mlangoni umfikie. Ngozi ilikuwa imegeuka rangi: bluu inayoelekea kwenye weusi, kama kucha iliyobanwa na mlango.

"Wifi!" aliita. "Wifi, njoo! Acha hicho unachofanya, njoo!"

Wifi yake alikuja mbio na fagio mkononi. Huyu wifi ndiye mwenye ng'ombe. Alikuwa mke wa kaka yake Mama Povu, na kaka huyo alipofariki aliwaachia wanawake hawa wawili banda moja la ng'ombe wanane, mmoja akiwa mwenye mali na mwingine mkamuaji. Alipomwona Bibi Harusi amelaza masikio, anahema kama aliyepandishwa mlima, alidhani ni homa tu ya kutoka kuzaa. Mama Povu hakubishana naye. Alimshika mkono, akaupeleka mpaka chini ya tumbo. Wifi akagusa. Fagio likamdondoka.

"Mbona kama nyama ya buchani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Mama Povu akajikaza akakamua kidogo kwenye kiganja. Hayakutoka maziwa. Yalitoka maji mekundu, mepesi, yenye harufu iliyomfanya wifi azibe pua na kutoka nje kumpigia simu daktari wa mifugo.

Kwa mtu mwingine huo ungekuwa msiba wa ng'ombe basi. Kwa Mama Povu ulikuwa kitu kingine, kwa sababu mikono yake ndiyo ilikuwa maisha yake yote. Jina hilo alilipata ujanani, kwa jinsi maziwa yalivyoshuka kwenye ndoo kwa nguvu mpaka povu likavimba na kutaka kumwagika. Kaka yake alimfundisha kukamua akiwa bado binti, na tangu hapo hakuwahi kufanya kazi nyingine wala kuitamani. Ng'ombe waliompiga teke kila mtu walitulia akiwaegemeza paji la uso ubavuni na kuwanong'oneza habari za mtaani. Mumewe, fundi cherehani, mtu mpole mwenye utani wa taratibu, alizoea kusema kwamba katika ndoa ile walioolewa ni ng'ombe, yeye aliingia kama shemeji.

Na alikuwa msafi, hilo hakuna aliyemnyima. Alikuwa na kitambaa chake cheupe cha kufutia viwele, alichokifua kwa sabuni kila jioni na kukianika juani kikang'aa. Asubuhi alikichovya kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, akamfuta ng'ombe wa kwanza, akachota mafuta ya kulainisha chuchu kwa kidole, akakamua. Akamaliza, akakichovya tena, akaenda kwa wa pili, na wa tatu, mpaka wa mwisho. Wanunuzi wapya wa maziwa walionyeshwa kitambaa kile kama watu wanavyoonyeshwa cheti cha shule.

Ni ng'ombe mmoja tu aliyemkataa. Huyo alinunuliwa miezi michache nyuma, na wakamwita Mgeni. Mama Povu akimsogelea, Mgeni hupiga teke hata kabla hajaguswa. Baada ya ndoo tatu kumwagika, wifi alimchukua yeye, akawa anamkamua kivyake kwenye kona, na ndoo yake na kitambaa chake, huku akimcheka mkamuaji mashuhuri kwa kushindwa na ndama wa jana.

"Nimekupita, wifi. Weka chini medali."

"Ana wazimu huyo. Mmefanana."

Daktari alifika na pikipiki yake, mtu mnene, mwenye kuhema kila akiinama. Alipoona kiwele alifungua mkoba palepale. Akachoma sindano, akaning'iniza chupa ya maji kwenye boriti na kuiunganisha na mshipa wa shingo, akapima homa. Halafu akasimama na kujifuta jasho.

"Sitawadanganya. Hapa tumechelewa."

"Tumechelewa vipi?" wifi alimaka. "Jana jioni alikuwa mzima! Kakamuliwa, kala, kanywa!"

"Naamini. Hii kitu inakwenda hivyo. Ng'ombe akitoka kuzaa, kinga yake ya mwili huwa imelegea. Bakteria wakipenya kwenye tundu la chuchu, mwili unatakiwa kutuma askari wake upesi, zile chembe nyeupe za damu. Kwa huyu askari wamekuja wachache na wamekuja nyuma ya wakati. Bakteria wamezaliana, wamemwaga sumu yao, mishipa ya damu imeziba. Damu haifiki tena hapa. Ndiyo maana ni baridi. Sehemu hii imekufa wakati ng'ombe mwenyewe bado yuko hai."

Mama Povu alilisikia hilo neno la mwisho. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Hakujua kwamba inawezekana kiumbe kikafa kipande kipande huku kinakutazama.

Bibi Harusi alikata roho kabla ya adhuhuri. Ndama wake alikuwa amefungwa upande wa pili wa ukuta wa mbao na alikuwa akilia njaa.

Wifi alitaka daktari aondoke ili wamlie ng'ombe wao. Daktari hakuondoka. Alitoa kwenye mkoba kibao cha plastiki chenye vikombe vinne vifupi, akasema anataka kuwaona na hawa wengine.

"Wengine wazima," Mama Povu alisema. "Mimi ndiye nawakamua. Maziwa meupe, hayana bonge wala uzi. Ningeona."

"Nataka kuona ambacho hakionekani, mama."

Akaanza na ng'ombe aliyeitwa Shemeji, kipenzi cha Mama Povu, ambaye mume wake alimpa jina hilo kwa utani. Akakamua kidogo kutoka kila chuchu, kila moja kikombe chake, akamimina dawa ya zambarau, akakizungusha kibao taratibu. Kikombe kimoja kilibaki majimaji. Vile vitatu viliganda mbele ya macho yao, vikawa vizito, vinavutika kama kamasi.

"Umetia unga?" wifi aliuliza, na hakuwa anatania.

"Sijatia kitu. Zile chembe nyeupe nilizowaambia, hizi hapa. Zimejazana ndani ya maziwa kupigana na wadudu. Dawa hii inazipasua, zinashikana. Kadiri uzito unavyozidi, ndivyo vita ilivyo kubwa."

"Lakini anakula! Hana homa!"

"Anakula na anapigana. Kuna wadudu wanaoingia kwa kishindo, ng'ombe akaanguka siku hiyohiyo. Na kuna wanaoingia kimya, wakapanga chumba. Huyu anao wa kimya."

Akaenda kwa wa pili, yakaganda. Wa tatu, yakaganda. Kila mara kibao kilipozungushwa, Mama Povu alihisi kama anavuliwa nguo mbele za watu. Maziwa yale aliyatazama kila siku ya Mungu, akayapima kwa jicho, akayasifia. Na humo ndani, kumbe, kulikuwa na maiti za askari zikielea. Mpaka daktari anafika mwisho, ni ng'ombe wawili tu waliotoka salama, na mmoja wao alikuwa Mgeni. Vikombe vyake vyote vinne vilibaki maji matupu.

Wifi hakutaka kusikia. "Huyo ndiye aliyetuletea. Kabla hajaja tulikuwa na shida gani? Anajificha tu."

"Kuna wanaojificha kweli," daktari alikubali. "Ngoja nipeleke sampuli maabara."

Akajaza vichupa vyake vya maziwa, pamoja na yale maji mekundu ya marehemu. Kisha akatoa vijiti vyenye pamba, akapitisha kimoja kwenye kitambaa cheupe, kingine kwenye kopo la mafuta, halafu akamgeukia Mama Povu.

"Mikono, mama."

"Ya nini? Mimi sitoi maziwa, daktari."

Wote watatu wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Akanyoosha mikono. Kwenye kidole gumba cha kulia kulikuwa na plasta, na chini ya plasta mpasuko uliokuwa ukifunga na kufunguka tangu zamani, kama ilivyo kawaida ya mkamuaji. Daktari alipitisha pamba pale mara mbili, akaifunga kwenye kijichupa, akapitisha nyingine kwenye mikono ya wifi vilevile, akaondoka.

Siku chache baadaye daktari aliwaita. Wifi alikataa kwenda. Alikuwa ameshampata mtu wa kumchukua Mgeni na alitaka akamilishe siku hiyo. Kwa hiyo Mama Povu alikwenda peke yake.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kidogo nyuma ya duka la dawa za mifugo, chenye meza ya vigae, jokofu linalonguruma na kabati la joto lenye mlango wa kioo. Daktari alitoa sahani ndogo za plastiki zenye vifuniko, akazipanga mezani. Ndani ya kila sahani kulikuwa na utando mwekundu kama damu iliyoganda, na juu yake vidoto vya rangi ya dhahabu, vimezungukwa na duara jeupe.

"Kila kidoto ni ukoo mzima wa bakteria," alisema. "Hii sahani ni ya ng'ombe aliyekufa. Hii ya Shemeji. Hizi za wale wengine."

Mama Povu aliinama kutazama. "Wamefanana kama pacha."

"Ndiyo. Ni mdudu yuleyule; kwa wengine aliingia kimya, kwa aliyetoka kuzaa kinga ilikuwa imelegea, akaja kwa kishindo."

"Na hii je? Mbona hii ndiyo imejaa kuliko zote? Ya ng'ombe gani?"

Daktari alisita. Aliangalia sahani, akaangalia dirisha.

"Hiyo ni ya kidole chako, mama."

Mama Povu alisubiri amalizie maneno. Aliamini kabisa kwamba kuna sentensi nyingine inakuja ya kuirekebisha hiyo. Jokofu likanguruma, likanyamaza. Hakuna kilichokuja.

"Kidole changu mimi?"

"Kwenye mpasuko. Na hii ni ya kitambaa, na hii ni ya mafuta. Za wifi yako ziko hapa, hazina huyu mdudu."

"Nakifua kile kitambaa! Kwa sabuni! Kila siku!"

"Najua. Asubuhi kinaanza kisafi. Kikishamfuta wa kwanza, kinabeba alichokuwa nacho kwenda kwa wa pili. Maji ndiyo hayohayo, kidole ndicho hichohicho."

Aliendelea kueleza, na sauti yake ilikuwa ya upole, lakini kwa Mama Povu ilikuwa inatoka mbali. Alisema mdudu huyu hukaa kwenye ngozi na puani mwa watu wengi bila kuwadhuru. Alisema hajui nani alimwambukiza nani. Pengine ng'ombe mmoja ndiye aliyekipa kidonda chake, pengine kidonda ndicho kilichompa ng'ombe, na vipimo vya kulijua hilo yeye hana. Alichokuwa na hakika nacho ni njia waliyopitia.

"Basi wachome sindano," Mama Povu alisema mwishowe. "Wachome wote. Leo."

"Tutajaribu kwa walioupata karibuni. Waliokaa nao muda mrefu, dawa haiwafikii wadudu. Mwili wa ng'ombe umejenga ukuta kuwazunguka ili wasisambae, na ukuta huohuo unawakinga na dawa. Halafu huyu mdudu ana ujanja mwingine. Chembe nyeupe ikimmeza ili imuue, mara nyingine hafi. Anakaa humohumo."

"Anakaa ndani ya askari?"

"Ndani ya askari."

Mama Povu alitoka bila kuaga. Barabarani muuza ndizi aliyemfahamu alimnyooshea mkono wa salamu, naye akaficha wa kwake kwenye khanga na kupita kama aliyesusa. Alitembea hivyo mpaka kwenye kona ya kiwanda cha matofali, ndipo akamkumbuka Mgeni. Akaanza kukimbia. Mwanamke wa umri wake, viatu mkononi, akikimbia katikati ya barabara mchana kweupe. Watu walimpisha wakidhani kuna nyumba inaungua.

Gari la mizigo lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume mlangoni pa banda, na Mgeni alikuwa amepandisha miguu ya mbele juu ya ubao. Mnunuzi alivuta kamba, wifi alisukuma nyuma.

"Mshusheni!" Mama Povu alipiga kelele, pumzi hana. "Wifi, mshushe! Si yeye!"

"Si yeye nini?"

"Si yeye. Ni mimi."

Akasema yote palepale, mbele ya mnunuzi, bila kuchagua maneno: sahani, vidoto vya dhahabu, kidole, kitambaa. Wifi alimsikiliza mdomo wazi. Halafu uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayehesabu kitu kichwani na hapendi jibu analolipata.

"Mgeni hujawahi kumgusa," alisema kwa sauti ndogo.

"Sijawahi."

"Ndiyo maana mzima."

Wifi akamtazama Mgeni, akatazama ile sehemu tupu alipokuwa akisimama Bibi Harusi. Mnunuzi, kwa heshima yake, aliachia kamba na kwenda kusimama upande wa pili wa gari.

"Nenda nyumbani, wifi," mwenye ng'ombe alisema. "Sikufukuzi. Ila leo nenda, kabla sijasema neno."

Mumewe alikuwa kwenye cherehani alipoingia. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Mama Povu alikaa kwenye mkeka, mikono juu ya magoti, viganja juu, kama mtu aliyebeba kitu ambacho hajui pa kukiweka. Alipomaliza kusimulia, mzee yule alisukuma pembeni nguo aliyokuwa akishona.

"Kwa hiyo hao wadudu nimewala miaka yote kwenye chakula?"

"Usinichekeshe, baba watoto. Sitaki."

"Sikuchekeshi. Nauliza, nami nimeshtuka." Akashuka akakaa naye mkekani. "Ulijua?"

"Ningejua vipi!"

"Basi. Tuanze hapo."

Mumewe ndiye aliyepika siku hiyo, vibaya sana, na siku iliyofuata. Mama Povu alikwenda zahanati, wakamsafisha kidonda na kumpa dawa ya kupaka na ya kumeza, wakamwambia asikiloweshe. Alirudi akakaa. Majirani waliokuja kumpa pole ya ng'ombe hawakujua wampe pole ya nini, maana aliwajibu kama mtu aliye usingizini. Kilichomkaa rohoni, alimwambia mumewe, si kwamba alikosea. Watu hukosea. Ni kwamba kila alipokuwa anawaegemea wale ng'ombe na kuwanong'oneza, kila alipokuwa na hakika kuwa anawatunza, ndipo hasa alipokuwa anawapa ugonjwa. Wao wakatulia kwa ajili yake.

Wifi alikuja mwenyewe mwishoni mwa juma. Alibisha hodi kwa kiwiko, kwa sababu viganja vilikuwa vimevimba na jicho moja lilikuwa limefura.

"Amekupiga nani?" fundi aliuliza.

"Shemeji."

"Mimi sijatoka humu ndani."

Wifi akacheka licha ya nafsi yake, kisha akakaa karibu na Mama Povu na machozi yakamtoka ghafla. Alikuwa amejaribu kuwakamua wote peke yake. Nusu ya maziwa yalibaki viweleni, na daktari alikuwa amemgombeza kwamba kuyaacha humo ni kuzidisha ugonjwa.

"Nilikuwa na hasira na wewe," alisema. "Bado ninayo kidogo. Lakini nimekaa nikajiuliza, ni nani aliyekufundisha kitambaa kimoja?"

"Kaka."

"Mume wangu. Na mimi nilikuwa nakisifia. Niliwaonyesha watu." Akafuta uso kwa mkono wa nguo. "Kidonda kikifunga utarudi. Kwa masharti ya daktari, na ya kwangu."

Masharti yalikuwa mengi. Glovu. Kila ng'ombe na kitambaa chake, kikitumika mara moja kinakwenda kuchemshwa. Kopo la mafuta likatupwa. Kila chuchu ikishakamuliwa inachovywa kwenye dawa ya kuua wadudu, kwa kuwa tundu lake hubaki wazi kwa muda. Wazima wanakamuliwa kwanza, wanaougua mwisho. Walioonekana hawana njia ya kupona waondolewe kundini, na hao walikuwa wawili. Shemeji alikuwa mmoja wao. Siku alipochukuliwa, Mama Povu alijifungia stoo ya majani na wifi hakumgongea.

Siku ya kwanza na glovu, ng'ombe hawakumtambua. Walichezesha mikia, walizuia maziwa. Naye hakuhisi kitu; ilikuwa kama kumsalimia mtu kupitia dirisha. Aliinuka mara mbili akitaka kuacha. Wifi, aliyekuwa akimkamua Mgeni kwenye kona, hakugeuka, alisema tu, "Kaa. Waongeleshe." Akakaa.

Daktari alirudi na kibao chake baada ya msimu kupita. Vikombe vingi sasa vilibaki majimaji, na wifi alipiga kigelegele kimoja cha aibuaibu. Lakini kwa ng'ombe mmoja mzee wa rangi ya kahawia, kikombe kimoja kiliganda palepale, kizito kama mwanzo.

"Huyu naye?" Mama Povu aliuliza.

"Chuchu hiyo moja. Mwili wake umeshindwa kuwaua na umekataa kuwaachia. Tutaendelea kumkamua wa mwisho, tukaushe chuchu hiyo, tuone."

"Anasikia maumivu?"

"Ukimtazama, utasema hana kitu."

Mama Povu alimtazama. Ng'ombe alikuwa akicheua, macho nusu yamefumba, mkia ukifukuza nzi bila haraka. Alisimama pale muda mrefu baada ya daktari kufunga mkoba wake, akitafuta dalili yoyote ya ile vita, na hakuiona.